Sogi

Kazi yangu mimi ni mawe.
Nayapokea gatini maji yakijaa,
napakia punda wawili, nao hao, vichochoro vya Langoni
hadi fundi aliposimamisha ukuta wake.
Jiwe huliulizi linaumwa wapi.
Unaliinua, unalitua, unafuta jasho.

Ndiyo maana siku ile Bi Dama aliponiambia,
"Baba, mkunjue mguu,"
niliushika kama jiwe.
Mwanatumu alipiga yowe hadi wagonjwa wa nje wakageuka.
Bi Dama hakunigombeza.
Aliweka kiganja chake juu ya changu:
Ngoja. Usiuvute. Uulize.
Tukangoja, mimi, yeye, na paja la mtoto
lililokaza kama kamba iliyolowa.
Hata likalegea. Lenyewe.
Wallahi nilitazama kando, wasinione macho.

Miaka mitatu tulikuwa tumezunguka.
Mafusho tulifukiza, kombe tulikunywa,
jirani akasema mtoto kachezewa,
mwingine, kwamba mamake alikaa kizingitini magharibi na mimba.
Zaharia akaacha kwenda harusini.
Bi Dama maneno yake yalikuwa machache:
ubongo ulikosa hewa siku ya kuzaliwa.
Si wewe, mama.
Zaharia alilia ndia nzima hadi nyumbani,
na Ijumaa yake akatia hina.

Miguu ya mwanangu hupishana kama mkasi.
Akalishwe juu ya kitu kinene, alisema Bi Dama,
mapaja yapanuke, asubuhi na jioni.
Kule hospitali wana mpira mkubwa wa buluu.
Mimi nina nini? Nikatazama uani.
Sogi kuukuu, makumbi yakitoka ubavuni.
Nikalishona upya, nikalivika leso ya bibi yake,
nikamkalisha.
Akaanguka kushoto.
Nikamkalisha.
Kushoto tena, na akacheka, mshenzi mdogo.

Mwezi wa Rajabu alikaa hesabu ya tatu.
Shaabani, tano.
Ramadhani sisemi uongo, nilichoka.
Kuna usiku nilimwambia Zaharia "kesho," nikajifunika shuka,
nikamsikia gizani akinong'ona hesabu,
mguu wa mtoto mapajani mwake,
akifika kumi akianza moja.

Na Famau, kaka mtu,
aliyekuwa akipita mbali naye mbele ya wenzake,
ndiye aliyegundua kwamba ukimwekea tende juu ya rafu
hunyoosha mgongo kuifuata.
"Nani kakufundisha?" Bi Dama akamuuliza.
Famau akainua mabega tu.
Lakini siku hiyo alikwenda madrasa kifua mbele,
tende mbili mfukoni.

Atatembea? Wananiuliza dukani, wananiuliza nikivaa viatu msikitini.
Bi Dama hakuniahidi, nami siahidi mtu.
Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi zetu,
na kichochoro chetu, wakikutana punda wawili
mmoja hurudi nyuma.

Ila yeo nimetua mawe mapema.
Nimemwosha punda, nimemwekea sogi lile lile la leso,
na juu yake nimempandisha Mwanatumu.
Simila! Simila!
Famau mbele, akifukuza paka wasiomzuia mtu.
Walioketi barazani wamevuta miguu yao.
Yule jirani wa kizingiti amechungulia dirishani,
na Zaharia, badala ya kuinamisha uso,
amemsalimu kwa jina.

Moja, mbili. Punda ayumba, mtoto ayumba naye, arudi.
Saba. Nane.
Vidole vyake vimeshika manyoya ya shingo.
Kumi na moja.
Kumi na mbili, na bado hatujafika pembeni,
nami nimepotea hesabu.
Mkono wangu u nyuma ya mgongo wake,
mkono huu wa mawe,
karibu kiasi cha kusikia joto.
Haumgusi.